Almasi haipimwi kwa nyundo jamani

Juzi kaja dada mmoja hapa dukani Mwanza mjini, kashika leso imefungwa fundo, kafungua naona pete ya dhahabu imebonyea na vipande vitatu vya jiwe. Pete ya marehemu mama yake. Kaka mtu alisema almasi ya kweli haivunjiki hata uigonge vipi, kaiweka juu ya jiwe kaipiga nyundo mara moja, ikapasuka, basi nyumba nzima wakaamini mama alitapeliwa. Nikaweka kipande kwenye mashine ya kupima, ikasoma almasi. Nikaangalia kwa lenzi, pale ilipopasukia ni bapa, laini, inang'aa kama kioo. Ilikuwa almasi kabisa. Niliumia sana.

Hii ya nyundo nimeisikia mpaka basi. Ni kweli almasi ni 10 kwenye skeli ya Mohs, lakini ile skeli inapima kitu kimoja tu, nani anamkwaruza nani. Habari ya kipigo haimo. Nyundo haiwezi kuchora hata mstari juu ya almasi ila kuivunja inaweza, maana ndani yake kuna pande nne ambazo kishindo kikizipata inafunguka tu, kama kuni unapoipiga shoka kufuata nyuzi zake. Wachongaji wanajua hilo miaka yote, ile almasi ya Cullinan ya Afrika Kusini yenye karati 3,106 ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908 kwa kisu cha chuma na kipigo. Sasa wewe unaipiga ya karati nusu unategemea nini?

"Inakata kioo, kwa hiyo ni almasi." Hapana. Kioo ni kama 5.5, kwatzi, yaani ile kokoto nyeupe ya kuokota pale ufukweni, ni 7, inakikata vizuri tu.

"Almasi unaijua kwa uzito." Almasi na tanzanaiti za ukubwa mmoja mkono hauwezi kuzitofautisha, sentimita moja ya ujazo ni gramu 3.52 kwa 3.35, na zirkonia, almasi bandia ya kiwandani, inazizidi zote mbili.

Halafu tanzanaiti, watu wanaona bei wanadhani na ugumu ni huohuo. Ni 6 hadi 7 tu, na yenyewe pia ina upande inaopasukia kirahisi. Mawe haya ya Mwanza tunayojivunia ni graniti, vumbi lake limejaa kwatzi, kwa hiyo ukiifuta pete kwa kanga kavu yenye vumbi umeipiga msasa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, basi. Na usiiweke kifuko kimoja na almasi, itachorwa chorwa. Mimi kila mteja namwambia tanzanaiti ivae sikioni au shingoni, ukitaka ya pete lazima uivue kabla hujagusa masufuria.

Na ile ya kwamba iliyochomwa ni feki, karibu zote za bluu mnazoziona zimepitia moto, nyingi zinatoka Mererani zikiwa na rangi ya kahawia. Ni tanzanaiti halali.

Yule dada nimemwambia asitupe vipande. Kile kikubwa kinachongeka upya, kitatosha kipini cha pua.