Je, wajua kwa nini bingwa wa kwanza wa ligi ya Uganda alikuwa timu ya askari magereza?

Mwombe shabiki yeyote wa Kampala akupe majina ya vigogo wa soka la Uganda, atakuanzia na Villa, Express na KCCA, halafu kama ni kijana ataongeza Vipers. Orodha ya mabingwa haianzi na hata mmoja wao. Jina la kwanza kabisa, la mwaka 1968, ni Prisons FC, timu ya idara ya magereza. Mwaka 1969 wakatwaa tena. Mwaka 1970 kombe likaenda kwa Coffee, timu ya watu wa kahawa, na 1971 likachukuliwa na Simba. Hao si Simba wa Msimbazi, ni timu ya jeshi la Uganda.

Majirani walianza tofauti. Kenya ilipoanzisha ligi ya taifa mwaka 1963, bingwa alikuwa Nakuru All Stars, na mwaka uliofuata Luo Union. Tanzania ilianza mwaka 1965, ikashinda Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo baadaye ndiyo ikawa hao Simba wa Msimbazi. Hizo ni timu za mji, za kabila, za mtaa. Uganda iliingia ya mwisho kati ya nchi tatu, na kombe likaangukia mikononi mwa walinda jela. Kwa nini?

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Mpira Uganda ni wa zamani. Wamisionari waliuleta mwishoni mwa karne ya 19, na chama cha soka kikaundwa mwaka 1924. Kuanzia 1926 timu ya taifa ilikuwa ikipambana na Kenya kuwania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Tanganyika na Zanzibar wakajiunga miaka ya 1940. Ndani ya nchi wilaya zilishindania vikombe vya wafadhili kama Aspro, wale wa vidonge vya kichwa, na Madhvani, matajiri wa sukari wa Kakira. Sabuni, vidonge na sukari: ukitaka kujua nani alikuwa na fedha ya kuchezea enzi hizo, soma majina ya vikombe.

Tatizo la vikombe vya wilaya ni kwamba timu zake zilikuwa kombaini. Mashindano yanakaribia, wachezaji wanaitwa kutoka shule hii, kiwanda kile na kijiji kile, wanapewa jezi, wanacheza wiki chache, kisha kila mtu anarudi alikotoka. Aliyetolewa raundi ya kwanza alisubiri hadi mwaka ujao. Mchezaji hodari wa timu ya taifa angeweza kumaliza mwaka mzima akiwa na mechi ngumu zinazohesabika kwa vidole.

Matokeo yake yalionekana Afrika. Mwaka 1962 Uganda ilikwenda Ethiopia kwenye Kombe la Mataifa, ambalo wakati huo lilikuwa na timu nne tu. Ikafungwa na Misri 2–1, kisha Tunisia wakaipiga 3–0 kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Ikarudi Ethiopia hukohuko Januari 1968, mambo yakawa mabaya zaidi: Algeria 4–0, wenyeji Ethiopia 2–1, Côte d'Ivoire 2–1. Mechi tatu, pointi sifuri.

Wakati huo wazo la ligi lilikuwa tayari mezani. Balamaze Lwanga na Polycarp Kakooza wanatajwa kuwa ndio waliolisukuma, wakisema timu ya taifa inahitaji msingi wa kudumu chini yake. Mwaka huohuo wa 1968 ikaanza Ligi ya Taifa Daraja la Kwanza. Waliokubaliwa kuingia walikuwa wa aina mbili: timu za taasisi na timu za wilaya. Kwenye karatasi ulikuwa mgawanyo wa haki. Taasisi zina nidhamu, wilaya zina watu, na nchi nzima inahisi inahusika.

Uwanjani, aina hizo mbili hazikuwa sawa hata kidogo, na hapo ndipo jibu letu lilipo.

Ligi ni kazi ya miezi. Unacheza nyumbani na ugenini, unasafiri, unaumia, unapona, unarudi. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, hizo si neno. Lakini Kampala hadi Mbarara ni karibu kilomita 270, na kwa barabara na magari ya 1968 hiyo ilikuwa safari ya kutwa, siyo ya kwenda kucheza saa kumi na kurudi kulala kwako. Timu ya wilaya lazima itafute gari, mafuta na pa kulala, halafu iwaombe waajiri wa wachezaji kumi na kadhaa wawaachie watu wao. Mwalimu ana darasa, karani ana bosi, fundi ana wateja. Ikifika mechi ya sita au ya saba, mwenye gari anadai pesa zake na golikipa amenyimwa ruhusa.

Sasa mtazame askari magereza wa Luzira, kule karibu na ziwa, lilipo gereza kubwa kuliko yote nchini. Mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi, timu ikishinda au ikifungwa. Nyumba anayo, ndani ya kambi. Mwenzake wa beki ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Kocha akitaka mazoezi hahitaji kumpigia mtu magoti, maana mwenye kupanga zamu na mwenye kutaka timu ishinde wako ofisi moja, na gari la idara lipo. Pumzi ya dakika tisini askari ameshaanza kuijenga kwenye gwaride kabla hajagusa mpira.

Na kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Magereza yako nchi nzima. Kijana akionekana anacheza vizuri kwenye kituo cha mbali, idara inaweza kumhamishia Kampala kwa barua moja ya kikazi. Timu ya wilaya haina barua ya namna hiyo. Ikimpata mchezaji mzuri, itashukuru Mungu akibaki.

Ndani ya kambi hizo watu wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili, lugha ya jeshi, polisi na magereza tangu enzi za mkoloni. Mwacholi, Mteso, Mganda na Mlugbara walipokezana pasi kwa lugha moja, na hadi leo watoto wa kambi za askari za Luzira, Nsambya na Naguru wanaitana kwenye vumbi la uwanja kwa Kiswahili chao cha kambini, ambacho Mzanzibari angekisikiliza huku akitabasamu. Sisemi Kiswahili ndicho kilichofunga magoli. Nasema tu kwamba kombaini ya kuokoteza haikuwa na umoja wa namna hiyo.

Ilikuwa ligi ya kulipwa basi? Hapa pana utata mtamu. Hakuna aliyeandikwa kazini kama mwanasoka. Kwenye vitabu vya serikali mchezaji wa Prisons alikuwa askari, wa Coffee mfanyakazi wa bodi ya kahawa, wa jeshi mwanajeshi. Lakini mtu ambaye ajira yake, nyumba yake na mwelekeo wa kupandishwa cheo vinategemea pia mguu wake wa kushoto, huyo si mchezaji wa ridhaa. Kwangu mimi walikuwa wachezaji wa kulipwa kwa mlango wa nyuma. Mwanasoka wa Uganda aliyetaka mpira wenyewe umlipe alilazimika kuvuka mipaka, kama Phillip Omondi aliyekwenda Sharjah, na baadaye Majid Musisi aliyetoka Villa kwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992.

Kama unadhani ubingwa wa 1968 ulikuwa bahati ya mara moja, fuata orodha. Prisons mara mbili, Coffee, Simba. Kisha Express 1974 na 1975, KCC (ndiyo KCCA ya leo) 1976 na 1977, Simba tena 1978, na 1979, mwaka Amin alipoanguka, benki ya biashara ya serikali, UCB. Magereza, kahawa, jeshi, halmashauri ya jiji, jeshi, benki. Hata KCC, ambayo leo tunaiona klabu ya watu, ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, mkuu wa kitengo cha majitaka cha Halmashauri ya Jiji la Kampala, na wachezaji wake wengi wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa kitengo hichohicho. Katika miaka yote ile mwenye kushikiliwa na mashabiki tu, bila idara ya kumlipia, alikuwa Express. Timu ya wilaya haimo hata moja.

Umeona pengo la 1972 na 1973? Miaka hiyo haina bingwa. Amin alichukua nchi Januari 1971, na Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, akina Madhvani wakiwemo, wale waliokuwa wakitoa kombe. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1972 ambao nyumbani haukupata bingwa, klabu ya Uganda ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ni Simba, wanajeshi, walioingia kama mabingwa wa 1971. Walikutana na Hafia ya Guinea, wakafungwa 4–2 kule Conakry, na ziliporudiana Kampala wakafungwa tena 3–2. Ligi ilikuwa na umri wa miaka minne tu! Timu yenye mshahara, kambi na amri ilikuwa inaendelea na mazoezi hata wakati mambo mengine ya nchi yamesimama. Kilichowapa Prisons ubingwa wa kwanza ndicho kilichowafikisha Simba fainali, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, maana baada ya mapinduzi jeshi ndilo lililokuwa na kila kitu.

Na lengo la akina Lwanga la timu ya taifa? Hesabu kutoka kile kipigo cha Januari 1968. Miaka kumi baadaye, Machi 1978, kwenye Kombe la Mataifa, Cranes, yaani timu ya taifa ya Uganda, waliifunga Morocco 3–0 kwenye makundi, wakaitoa Nigeria 2–1 nusu fainali, wakacheza fainali dhidi ya wenyeji Ghana mjini Accra. Walifungwa 2–0, na Omondi akamaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora watatu waliolingana kwa magoli matatu kila mmoja. Uganda haijafika tena fainali hiyo. Baada ya hapo ilisubiri hadi 2017 kuonekana tu kwenye mashindano.

Prisons wenyewe hawakuwahi kurudi kileleni. Baada ya 1969 wakubwa zaidi walikuja na dawa ileile: bodi iliyouza kahawa ya nchi nzima, jeshi lililotawala, jiji, benki. Idara ya magereza haikuwa na mfuko wa kushindana nao. Kisha mwaka 1982 Villa wakatwaa ubingwa wao wa kwanza, klabu iliyozaliwa na vijana wa Nakivubo mwaka 1975, ikibebwa na mashabiki na matajiri wake, na kuanzia hapo hadi 2004 wakakusanya mataji 16. La 17 liliwachukua miaka ishirini, hadi 2024.

Lakini usidhani mfumo wa 1968 umezikwa. Polisi walikuwa mabingwa 2005. URA, timu ya mamlaka ya mapato, ilitwaa mara nne kati ya 2006 na 2011. Magereza nao bado wapo, siku hizi wanaitwa Maroons, kwa rangi ya damu ya mzee, na nyumbani kwao ni Luzira.

Ubaya wa kuishi kwa mshahara wa mwajiri ni kwamba mwajiri akitikisika, timu inatikisika naye. Bodi ya kahawa ilipoteza ukiritimba wake miaka ya 1990, UCB ikauzwa kwa Stanbic mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo kumkuta kijana aliyewahi kuona jezi ya Coffee au ya UCB ni kazi. KCC walipona kwa sababu jiji haliuzwi. Halmashauri ilipovunjwa mwaka 2011 na mahali pake ikawekwa mamlaka mpya ya jiji, klabu nayo ikaongezewa herufi moja, ikawa KCCA, ikaendelea kubeba makombe.