Tucson, Arizona: jangwa si mchanga mtupu

"Jangwa ni mchanga na ukame tu." Wengi huiwazia Tucson hivyo kabla ya kufika. Ukweli ni kwamba Jangwa la Sonora, ambamo mji huu wa Marekani umo, hupata mvua misimu miwili, ya baridi na ya kiangazi, ndiyo maana vilima vyake vimejaa miti na saguaro, ile kaktasi ndefu yenye matawi kama mikono. Saguaro huweza kuishi zaidi ya miaka 150, na nyingi hupita miaka 50 ndipo zichipue tawi la kwanza. Zitazame katika Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, mashariki au magharibi mwa mji. Wala usidanganywe kwamba ukiikata utapata maji ya kunywa: nyama yake ni chungu na hutapisha, tena sheria ya Arizona inailinda. Kinacholiwa ni tunda, ambalo Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa eneo hili, huliangua kwa fito ndefu mwanzoni mwa kiangazi na kulipika shira.

"Kule ni joto mwaka mzima." Juni joto hupita nyuzi 40, na mwenye watoto asitembee vilimani saa sita mchana. Lakini Mlima Lemmon, ulio jirani na mji, una kimo cha mita 2,791. Kwa mwendo wa saa moja hivi wa gari unaziacha kaktasi na kuingia kwenye misonobari, na majira ya baridi watu huteleza huko kwenye theluji. Kinachohitaji tahadhari zaidi ni makorongo makavu: Julai mvua hunyesha mlimani huku kwako jua likiwaka, maji yakashuka ghafla. Usivuke.

"Mji wa chuo hauna kitu kwa mgeni." Dhana hii inaniuma, kwa sababu chini ya majukwaa ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Arizona, kilichoanzishwa 1885, kuna karakana ya vioo vya darubini. Tanuri lake huzunguka takriban mara 5 kwa dakika, na mzunguko huo hukifanya kioo kilichoyeyuka kijibonyeze katikati kabla hakijapoa. Vioo 7 vya darubini ya Giant Magellan inayojengwa Chile, kila kimoja mita 8.4 upana, vimeumbwa humo. Ziara za kuongozwa hupangwa, kwa hiyo ulizia nafasi mapema.

"San Xavier del Bac ni makumbusho." Hapana. Kanisa hilo jeupe, lililokamilika 1797 katika ardhi ya Watohono O'odham, bado ni parokia. Ukikuta misa, subiri iishe ndipo upige picha.