Je, wajua kwa nini kupanua njia ya hewa kunaweza kuipunguzia injini nguvu?

Kijana mpenda magari akishafungua hedi ya injini, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda, mkono unamwasha kushika grainda apanue matundu ya kuingizia hewa. Hoja yake ina mantiki: hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi itaungua, na nguvu itapanda. Hapa Dodoma hamu hiyo ni kubwa zaidi. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, inaihisi tofauti hiyo.

Lakini tundu pana si lazima lijaze silinda. Pita kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili siku ya upepo wetu wa Agosti: unakupiga kwa nguvu kuliko uwanjani. Ndani ya hedi kasi hiyo ni mali. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya hewa, yaani mlango wa tundu hilo, hufunguka mara 50 kila sekunde, na haifungi pale pistoni inapofika chini. Huchelewa kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Hewa ina uzito, kwa hiyo iliyokuja mbio huendelea kujisukuma ndani hata wakati huo. Panua tundu kupita kiasi, hewa inakuja polepole, na kwenye mizunguko midogo pistoni inairudisha ilikotoka, kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoleta hewa kwenye hedi. Gari litanguruma vizuri likikanyagwa hadi mwisho, ila ukiondoka na mzigo mlimani linachoka.

Mimi ningeanzia chini ya valvu, pale hewa inapokata kona. Hapo huwa na ukingo mkali ulioachwa kiwandani. Ukilainishwa, hewa hupinda bila kuvurugika. Kisha kiti cha valvu, pale valvu inapokaa ikijifunga: kukikata kwa pembe tatu, kwa kawaida nyuzi 30, 45 na 60, kunasaidia kuliko kung'arisha tundu zima liwe kama kioo. Tena kwenye injini ya kabureta, ambayo petroli huchanganywa na hewa kabla ya kufika kwenye hedi, ukuta wenye ukwaruzo kidogo ni bora, kwa kuwa petroli hujikusanya kwenye ukuta laini na kutiririka bila kugeuka mvuke. Na nyuma ya ukuta huo kuna maji ya kupoza injini. Ukiutoboa, umepoteza hedi.

Toyota walikumbana na jambo hilihili kwenye injini ya 4A-GE ya miaka ya 1980. Kila silinda waliipa njia mbili za hewa, moja ikifungwa mizunguko ikiwa midogo ili hewa ipite kwa kasi kwenye ile nyingine, kisha zote zinafunguka mizunguko ikipanda.

Anayebeba abiria na magunia kutoka Dodoma hadi Kondoa hafiki mizunguko 6,000 mara kwa mara. Gari lake liachiwe upana wa matundu yake, lisafishwe kona na viti vya valvu, na chujio la hewa lililojaa vumbi libadilishwe kwanza kabla hedi haijaguswa.