Punda wa Lamu ni mgumu, lakini si chuma

Tangu zoezi la dawa ya minyoo na kukata kwato lianze, ofisi yetu ya mifugo hapa Lamu imepokea maswali, na malalamiko mengi kuliko maswali. Linalorudiwa sana ni hili: "Daktari, punda wa Lamu hajui ugonjwa. Wazee walimfuga bila sindano." Walimfuga bila sindano, kweli. Lakini wazee hao hao ndio waliotuachia jina la pepopunda, wala hawakuuita ugonjwa huo pepombuzi. Katika mifugo, punda na farasi ndio wanaodhurika nao upesi zaidi, na msumari mmoja wa kutu kichochoroni unatosha.

Ugumu wake una asili. Punda alifugwa kwanza upande huu wetu wa Afrika, takriban miaka 7,000 iliyopita, kutokana na punda mwitu wa majangwa ya Pembe ya Afrika. Ndiyo maana aweza kupoteza maji hata robo ya uzito wake na bado akatembea, kisha akayarudisha kwa kunywa mara moja. Mwambao ulijua zaidi ya aina moja. Unguja, wenye uwezo walipanda punda weupe wakubwa wa Maskati. Kiongwe, punda wa bara, alisifika kwa ukaidi. Huyu wetu ni mdogo, wa kijivu, mara nyingi ana msalaba mweusi mabegani, na mji wenye vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa ubavu haukuhitaji mkubwa kuliko huyo. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001 ni wa mawe ya matumbawe, na mpaka leo mawe, mchanga na boriti za kuukarabati hupita mgongoni mwa punda huyu.

Tatizo ni kwamba mnyama wa jangwani huficha maumivu. Mbuzi akiumwa atalia mtaa mzima usikie. Punda husimama kimya kando ya ukuta, masikio yamelala, na mwenyewe akipita husema amepumzika. Punda anayekataa kula hapumziki. Asipokula kwa siku moja au mbili, mafuta ya mwilini huanza kumwagika katika damu na kuharibu ini, na hapo tukiitwa tunakuwa tumechelewa. Tafadhali msimnyweshe soda.

Majuzi tulimpasua dume mmoja aliyekufia jalalani. Utumboni mlikuwa na bonge kama dafu: mifuko ya nailoni, kipande cha wavu wa jarife, na karatasi ya mkate ambayo maandishi yake bado yanasomeka. Mwenyewe alishikilia kuwa karogwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini ni kuanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, lakini jalala halijasoma gazeti la serikali. Kumfungulia punda jioni "akajitafutie" ni kumtuma akale hayo.

Kuhusu mzigo: punda mzima wa kilo 160 hivi anafaa kubebeshwa kilo 50. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hesabu ni hiyo, na haibadiliki kwa sababu jahazi limefika na fundi anasubiri. Tunaambiwa mfuko mmoja hauwezi kusawazishwa. Basi tumia shogi, yaani mfuko wa ukili unaoning'inia pande zote mbili za punda, ugawe kilo 25 kila upande. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataja waziwazi kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo na kumfanyisha kazi akiwa hafai, kwa mfano mwenye kidonda cha mgongo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wanaocheka hiyo 3,000 wasome tena sehemu ya kifungo.

Wanaonunua au kuuza nje ya kaunti wafuate utaratibu huu. Kwanza, barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa afisa wa mifugo wa kaunti anakokwenda mnyama. Pili, mnyama akaguliwe hapa. Tatu, kibali cha kusafirisha, kinachotolewa kabla ya safari, si baada ya kusimamishwa njiani. Hatuwi wakali bure. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, vichinjio vya Kenya vilichinja punda zaidi ya 300,000, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, na wizi ukaenea vijijini. Jike hubeba mimba ya takriban mwaka mzima na huzaa mmoja, kwa hiyo pengo la namna hiyo halizibiki kwa msimu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi hizo kwa miaka 15.

Zahanati ya punda ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ilifunguliwa Lamu mwaka 1987 na hutibu bila malipo, kwa hiyo hoja ya gharama hatutaipokea. Mlete asubuhi kabla ya kazi, na mje na tandiko lake na kamba zake kama zilivyo. Mara nyingi kidonda tunachokiosha kila wiki kimetokana na fundo lile lile la kamba.