Kukata kebo: kinachokatwa si waya

Kukata kebo ni kuacha kulipia televisheni ya vifurushi inayoletwa nyumbani kwa waya au kwa dishi, na badala yake kutazama vipindi, filamu na michezo kwa njia ya intaneti, kupitia huduma ambazo mtazamaji huzichagua moja moja na kuzisitisha apendapo. Msemo huu ulizaliwa Marekani, nchi ambayo kwa miongo mingi nyumba nyingi zimeunganishwa na waya mnene unaotoka kwenye nguzo ya barabarani, ukatoboa ukuta na kuishia nyuma ya televisheni. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa sababu mara nyingi waya huo haukatwi hata kidogo: uleule uliokuwa ukileta chaneli ndio unaobaki ukileta intaneti, na pengine kampuni ileile ndiyo inayoendelea kutuma bili. Kinachokatwa ni kifurushi, yaani ule utaratibu wa kumwachia mwingine akuamulie chaneli zipi zikae pamoja, kwa bei gani na kwa mkataba wa muda gani.

Ili kuelewa kwa nini watu walichoka, ni lazima kujua kifurushi kilitoka wapi. Kebo haikuanza kama biashara ya chaneli nyingi. Mwaka 1948, katika miji iliyozingirwa na milima kama Mahanoy City, Pennsylvania, mawimbi ya stesheni za mijini hayakufika vizuri mabondeni, hivyo wauzaji wa televisheni wakasimika antena mahali pa juu, wakateremsha waya hadi majumbani na kutoza ada kila mwezi. Mteja alilipia kupokea tu, kwani matangazo yenyewe yalikuwa ya bure. Mambo yaligeuka HBO, chaneli ya filamu ya kulipia, ilipoanza kusambaza matangazo yake kwa setilaiti mwaka 1975, kwa sababu tangu hapo msambazaji wa mji wowote aliweza kuyapokea kwa dishi na kuyaingiza kwenye waya wake. Zikafuata ESPN ya michezo mwaka 1979, CNN ya habari mwaka 1980 na MTV ya muziki mwaka 1981, na ada ya kupokea ikageuka kuwa ada ya chaneli.

Hapo ndipo ilipojificha hesabu ambayo mtazamaji haioni. Mwenye chaneli humtoza msambazaji kiasi fulani kwa kila nyumba kila mwezi, iwe nyumba hiyo inaitazama chaneli hiyo au haiitazami, na kampuni yenye chaneli moja inayopendwa sana humlazimisha msambazaji achukue na nyingine tano zisizopendwa. Msambazaji naye huzifunga zote pamoja na kumuuzia mteja. Ndiyo maana mama mtu mzima anayetaka taarifa ya habari na tamthilia moja ya jioni anajikuta akichangia haki za matangazo ya mpira wa kikapu ambao hajawahi kuutazama.

Ndugu yangu mmoja anayeishi Columbus, Ohio, alipata kunionyesha bili yake ya mwisho kabla ya kukata. Mstari wa kwanza ulikuwa bei ya kifurushi, ileile iliyokuwa kwenye tangazo. Chini yake ulikuwapo mstari wa ada ya stesheni za kitaifa, ambazo kwa kawaida mtu huzipata bure kwa antena. Kisha ada ya michezo ya kanda. Kisha kodi ya kisimbuzi cha sebuleni, kodi ya kisimbuzi cha chumbani, ada ya kurekodi vipindi, na mwisho kodi za serikali. Nilimuuliza kisimbuzi cha chumbani kinatumiwa na nani, akacheka. Ada za namna hiyo zililalamikiwa kiasi kwamba mwaka 2024 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni ya kuzitaka kampuni za kebo na setilaiti kutangaza jumla ya gharama ya televisheni waziwazi, bila kuitawanya kwenye mistari midogo.

Njia mbadala ilifunguka mwaka 2007, Netflix, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikiwatumia wateja diski za filamu kwa posta, ilipoanza kuwaruhusu watazame kupitia intaneti. Tendo hilo ndilo linaloitwa kutiririsha, na tofauti yake na kebo ni ya kimsingi. Katika kebo ya kawaida chaneli zote husafiri kwenye waya kwa pamoja, na kisimbuzi huchagua moja ya kuionyesha. Zilizobaki hupita bure kama maji ya mtaro. Katika kutiririsha hakiji ila kile kilichoagizwa. Filamu huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni ikiwa imegawanywa katika vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Kifaa cha nyumbani huagiza kipande baada ya kipande huku kikipima kasi ya intaneti, na kasi ikishuka huagiza kile chepesi. Ndiyo sababu mara nyingi picha huanza ikiwa na ukungu kisha ikatakata baada ya muda mfupi, na ndiyo sababu watoto wakianza kupakua michezo chumbani, sura ya mtangazaji sebuleni huwa kama imechorwa kwa vidole.

Utaratibu huo wa vipande una gharama moja ambayo wauzaji hawaisemi. Matangazo ya moja kwa moja huchelewa, mara nyingi kwa nusu dakika au zaidi, kwa kuwa kila kipande lazima kiandaliwe, kitumwe na kiwekwe akiba kabla ya kuonyeshwa. Mwenye dishi jirani hushangilia goli wakati kwako mpira bado uko kwa kipa.

Kuhusu vifaa, hakuna mengi ya kusema. Televisheni janja huja na programu za kutiririsha ndani yake. Isiyo janja huongezewa kijisanduku au kijiti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI, lile linaloingiza picha na sauti kwenye televisheni. Roku ilitoa kijisanduku chake cha kwanza mwaka 2008 kwa ajili ya kuonyesha Netflix. Google ilileta Chromecast mwaka 2013 kwa dola 35, na Amazon ikafuata mwaka 2014 na Fire TV na kijiti chake. Jambo moja dogo linalosumbua wengi ni umeme: kijiti kinachopata umeme kutoka kwenye tundu la USB la televisheni ya zamani hujizima na kujiwasha kila mara, na fundi wa mtaani huweza kukihukumu kuwa kibovu, kumbe kinataka tu kuchomekwa ukutani kwa chaja yake.

Mtu aliyekata kebo kwa kawaida hutazama mchanganyiko wa huduma. Zipo za maktaba, kama Netflix na Disney+, ambamo mtazamaji huchagua filamu saa yoyote. Zipo za bure zinazoishi kwa matangazo ya biashara, kama Tubi na Pluto TV. Zipo pia zinazouza chaneli za moja kwa moja kwa mtindo uleule wa kebo ila kupitia intaneti, kama Sling TV, iliyoanza mwaka 2015, na YouTube TV, iliyoanza mwaka 2017. Wamarekani wengi huongezea antena ya kawaida, kwa kuwa tangu stesheni kubwa zilipohamia dijitali Juni 2009, antena ya bei ndogo hupokea picha safi bila malipo ya mwezi. Vijisanduku vinavyouzwa vikiwa tayari na mamia ya chaneli za kulipia bila malipo yoyote haviingii katika maana hii. Huo ni wizi wa matangazo, na siku chanzo kinapofungwa, mnunuzi hana pa kudai.

Afrika Mashariki msemo huu unahitaji kurekebishwa. Zipo nyumba za Nairobi zilizounganishwa kwa waya, na baadhi ya miji ya Tanzania ina wasambazaji wadogo wa kebo ambao nyaya zao hupita juu ya mapaa, lakini kwa wengi wetu televisheni ya kulipia ni dishi na kisimbuzi, au king'amuzi kama kinavyoitwa mitaani. Wala hatufungwi na mkataba kama Mmarekani: kifurushi kikiisha kinaisha, na anayekosa fedha mwezi huu hulipia mwezi ujao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kero iliyowasukuma Wamarekani haipo huku, na iliyopo huku hawaijui wao, nayo ni bando.

Tufanye hesabu. Picha ya ubora wa juu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, na baiti moja ni biti 8, hivyo saa moja ya kutazama kwa kasi hiyo hula gigabaiti 2.25. Mechi moja pamoja na mapumziko na uchambuzi ni saa mbili, yaani gigabaiti 4.5. Familia inayowasha televisheni saa tatu kwa siku itamaliza zaidi ya gigabaiti 200 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa bando la simu kingemeza bei ya kifurushi cha kisimbuzi mara kadhaa. Kukata dishi kuna maana kwa nyumba yenye intaneti ya malipo ya mwezi isiyo na kikomo, iwe ya faiba au nyingine. Kwa mwenye bando la siku hakuna maana, hata kama huduma yenyewe ya kutiririsha ni ya bei nafuu.

Kizuizi cha pili ni mpira. Anayeshika haki za ligi ndiye anayeshika watazamaji, na kwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara mshikaji ni Azam Media, chini ya mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021. Kampuni za visimbuzi nazo zimesoma alama za nyakati na kutoa programu zao, kama AzamTV Max, hivyo mtu anaweza kushusha dishi juu ya bati na bado akabaki mteja wa kampuni ileile.

Huko Marekani kwenyewe, ulafi wa kebo umeanza kuonekana kwa waliochukua nafasi yake. Mwezi Julai 2022, kwa vipimo vya kampuni ya Nielsen, muda wa kutazama kwa kutiririsha ulizidi ule wa kebo kwa mara ya kwanza, na baada ya ushindi huo bei hazikukaa zilipokuwa. YouTube TV iliyoanza kwa dola 35 kwa mwezi ilifika dola 82.99 Januari 2025. Netflix ilileta daraja lenye matangazo ya biashara Novemba 2022, na Mei 2023 ikaanza kuwabana Wamarekani wanaoazimana nywila na watu wa nyumba nyingine. Mashindano nayo yamegawanywa: mechi za Alhamisi za NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, zimekuwa za Amazon tangu mwaka 2022, hivyo shabiki hulipia hapa na pale kufuata timu moja. Kwa maoni yangu kifurushi kimerudi kwa mlango wa nyuma, ingawa safari hii mlango una kitasa upande wa mteja: tamthilia ikiisha, anaondoka bila kumpigia mtu simu.

Kuondoka kwenye kebo yenyewe hakukuwa kwepesi hivyo. Ndugu yangu wa Columbus alipiga simu, akahamishwa kutoka kwa mhudumu mmoja hadi mwingine, kila mmoja akimpa punguzo la miezi sita, hadi aliporudia mara ya tatu kwamba anataka kukata. Kisha akavipeleka visimbuzi vyote viwili dukani pamoja na rimoti na nyaya zake za umeme, akaomba risiti na kuipiga picha, kwa sababu kisimbuzi kisichorudishwa hutozwa kama kimeuzwa. Intaneti aliiacha kwa kampuni ileile, na waya ule unaotoboa ukuta wa sebule bado uko palepale.