Vidonge, Sindano na Mazungumzo: Maswali Kuhusu Tiba ya Magonjwa ya Akili

Haya ni maswali ambayo ndugu wa wagonjwa huuliza wakiwa kwenye benchi nje ya kliniki ya akili, wakati mwingine kwa sauti ya chini ili jirani asisikie.

Je, magonjwa haya yanatibika, au mgonjwa anatulizwa tu?

Yanatibika, ingawa maana ya kutibika hutofautiana. Mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, anaweza kupona kabisa. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo ya kweli, mara nyingi hutumia dawa kwa miaka mingi, kama atumiavyo mwenye kisukari, huku akilima, akifanya biashara na kulea watoto wake. Kutuliza ni kazi ya siku chache za mwanzo, pale mgonjwa anapokuwa na fujo au hajalala usiku kadhaa. Baada ya hapo dawa haikusudiwi kumlaza, na anayeshinda amelala kutwa nzima arudishwe kwa daktari ili dozi yake iangaliwe.

Mazungumzo yanawezaje kutibu ugonjwa?

Tiba ya mazungumzo si kupigana na upweke kwa soga, wala si kuambiwa "jikaze". Mtaalamu na mgonjwa hukutana kwa mpangilio, mara nyingi kila wiki, wakachambua mawazo yanayomrudia mgonjwa, mambo aliyoacha kuyafanya tangu augue na matatizo yanayomwelemea, kisha wakakubaliana hatua ndogo ya kujaribu kabla hawajaonana tena.

Mfano mzuri uko Zimbabwe, ambako mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi watu wazima kuwahudumia wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hawakusema "sonona". Walitumia neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo Mswahili hulielewa mara moja kwa kuwa naye husema "ana mawazo". Mgonjwa aliorodhesha matatizo yake, akachagua moja, akapanga namna ya kulikabili. Utafiti uliofanywa katika zahanati za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopitia benchi, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa zilibaki kwa karibu asilimia 50. Hata hivyo, mtu anayesikia sauti na kuamini kwamba majirani wanapanga kumuua anahitaji dawa kwanza. Mazungumzo yatamfaa zaidi akili ikishatulia.

Kijana wetu alipoanza dawa, shingo ilipinda na macho yakapanda juu. Je, jini limerudi?

Hapana. Swali hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni hapa familia nyingi huitupa dawa na mgonjwa akarudi alikotoka. Haloperidoli na klopromazini, dawa za skizofrenia, hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na sauti na imani potofu za mgonjwa. Lakini kemikali hiyohiyo huongoza pia mwendo wa misuli. Kwa hiyo, hasa katika siku za kwanza na hasa kwa vijana wa kiume, misuli inaweza kukaza: shingo ikapinda, taya likabana, ulimi ukawa mzito. Wengine hutetemeka mikono, au miguu haitulii na hawawezi kukaa chini.

Hali hii inatisha kuitazama, lakini ina dawa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Sindano, au kidonge kama Artane, kwa kawaida huilegeza misuli kwa muda mfupi, kisha daktari hupunguza dozi au kubadilisha dawa. Anayetaka kuombewa aombewe, ila asiache vidonge. Nami naamini kwamba mhudumu anayeandika dawa hizi bila kuieleza familia jambo hili ameifanya kazi yake nusu.

Dawa za sonona zitamfanya awe mraibu?

Fluoksetini na amitriptilini hazileti uraibu. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ndiyo inayoweza kuuleta ikitumiwa kwa muda mrefu. Tatizo la dawa za sonona ni subira: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali kichefuchefu au kinywa kukauka huweza kuanza mapema, na hivyo mgonjwa hudhani amepewa sumu. Dalili zikiisha aendelee kwa muda aliopangiwa, mara nyingi miezi 9 hadi 12, na aache taratibu kwa maelekezo ya daktari. Kijana asiachwe peke yake wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Kupigwa shoti ya umeme bado kupo?

Kupo, kwa sonona kali iliyoshindikana au mgonjwa aliyeacha kula na kunywa. Tiba hii ilianza Roma mwaka 1938. Leo mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli kwanza. Baadhi husahau mambo ya karibuni.

Mama anatumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na Ramadhani inakaribia. Afunge?

Asianze kufunga kabla ya kuonana na daktari wake na kupimwa kiwango cha lithiamu katika damu. Dawa hii, ambayo John Cade wa Australia aliripoti faida yake mwaka 1949, hutolewa mwilini na figo, na mwili ukipungukiwa maji kwa kiu, joto au kuharisha, hujikusanya hadi kuwa sumu. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Katika mwezi wowote, asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo bila kuuliza, kwa kuwa nazo hupandisha kiwango hicho. Akianza kutapika, kuharisha, kutetemeka sana, kuyumba au kuongea kwa kukokota maneno, asimeze kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali mara moja, na pakiti ya dawa ichukuliwe.