Kinyonga hanywi bakulini

Macho ndiyo ninayoyatazama kwanza. Ya kinyonga mzima yametuna na kila moja linazunguka kivyake. Yakididimia ndani, mnyama huyo amekaa na kiu kwa muda. Na kila ninapoletewa kinyonga wa hali hiyo, mwenye naye huniambia karibu maneno yale yale: "Daktari, maji anayo, bakuli halijakauka hata siku moja."

Namwamini. Ila kinyonga wa msituni mara nyingi hayatambui maji yaliyotulia. Huko mitini hunywa umande na matone ya mvua yanayometameta na kuteleza juu ya majani. Anaweza kufa kwa kiu na bakuli limejaa chini yake.

Kwa hiyo nyunyizia majani, si yeye, asubuhi kabla ya kuwasha taa za kizimba chake na jioni zinapokaribia kuzimwa. Si kupuliza mara mbili na kuondoka: endelea kwa dakika kadhaa, kwa sababu wengi huchelewa kuanza kulamba. Mchana weka chombo cha kudondosha tone moja moja. Kisha acha majani yakauke, maana unyevu usiokauka na hewa isiyopita huleta maradhi ya mapafu. Ndiyo maana napendelea kizimba cha wavu kilichoinuka, walau sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120, chenye mmea hai wa kujifichia. Akae peke yake. Wawili pamoja husumbuana hata wasipopigana.

Ninayempenda kuliko wote ni kinyonga wa pembe tatu, wa misitu ya milimani Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Jike lake halitagi, huzaa. Huyu anataka usiku wa baridi. Mchana nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zinamtosha, na penye taa ya kuotea ziwe kama 29, lakini usiku zishuke hadi karibu 15. Watu wenye huruma humwashia taa ya joto usiku kucha, naye anadhoofu taratibu bila wao kujua kwa nini. Zimeni zote, alale gizani.

Mchana, taa ya mionzi ya urujuanimno (UV), kama ile ya jua, ni ya lazima. Mwili wake hutumia mionzi hiyo kutengeneza vitamini D3, ambayo bila yake kalsiamu haifyonzwi ipasavyo. Nimeshika taya zilizolegea kama mpira, na miguu iliyopinda ambayo haitanyooka tena. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo huzuia mionzi hiyo. Taa nayo huishiwa mionzi huku bado inang'aa, basi ibadilishe kila miezi 6 hadi 12 kulingana na aina yake.

Chakula ni nyenje na mende waliolishwa vizuri, wakanyunyiziwa unga wa kalsiamu. Vitamini usizidishe: vinyonga wa milimani wakizidishiwa huvimba shingo.

Usimchukue porini. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini. Tafuta aliyezaliwa kizimbani, mwenye karatasi zake.

Kila asubuhi angalia kinyesi. Kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Ile nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, hanywi vya kutosha, hata kama macho bado hayajadidimia. Ongeza muda wa kunyunyizia siku hiyo hiyo.